Karbonara ya mkebe na sosi za chupa: Waitaliano wana haki ya kukasirika?

MamaPendo_Nakuru

Hamjambo nyote. Niko Nakuru, Section 58, na nina swali ambalo limenisumbua wiki nzima.

Chama chetu cha kina mama huzunguka nyumba kwa nyumba, na Jumamosi ijayo zamu ni yangu. Kina mama wamechoka na pilau, wameniambia waziwazi safari hii wanataka chakula cha Kiitaliano. Nikapita supamaketi nikachukua chupa ya sosi nyeupe iliyoandikwa karbonara, nikaijaribu kwanza kwa watoto. Niliipasha moto, nikaimwagia spageti, kazi ikaisha. Watoto walikula. Mimi niliona ina uchachu fulani, halafu ni nzito, inakaa ulimini muda mrefu.

Picha nikaituma kwenye grupu ya kanisa. Kuna sista Mwitaliano aliyehudumu huku zamani, bado yumo kwenye grupu. Ni mama mpole sana, githeri yetu alikula miaka yote bila neno. Siku hiyo aliniandikia ujumbe mrefu: hiyo si karbonara, karbonara haina krimu, nakuomba usiwape wageni kitu hicho kwa jina hilo.

Nikaanza kusoma, nikakuta si yeye peke yake. Septemba 2024 kampuni ya Heinz walipotoa spageti karbonara ya mkebe kule Uingereza, wapishi wa Roma walikasirika hadharani, na Waziri wa Utalii wa Italia wa wakati huo, Daniela Santanchè, akaingilia kati. Agosti 2025 tovuti ya upishi ya Uingereza, Good Food, ikaandika kwamba kacho e pepe, ile pasta yao ya jibini na pilipili manga, hupikwa kwa siagi na jibini ya pamesani. Chama cha wenye mikahawa cha Fiepet Confesercenti kikalalamika mpaka kwa balozi wa Uingereza aliyeko Roma. Kwa balozi, jameni, kwa sababu ya siagi!

Nauliza kwa nia njema. Hasira hii ina msingi gani? Na mimi ninayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, ni kitu gani cha haraka ninaweza kununua bila kuharibu chakula, na kipi nikiache pale pale dukani?

Omosh_Kondele

Mama Pendo, mimi nalea watoto peke yangu na narudi nyumbani usiku. Spageti, nyanya tatu, kitunguu, Royco kidogo, tumekula. Watoto wanalala wameshiba. Sioni kwa nini mtu aliye Roma anipangie sahani yangu. Wao wakija huku wanakula chapati na sukari juu, na hakuna mtu anayemsumbua balozi. Pikia chama chako unachoweza, watu washukuru.

Nasimiyu_Webuye

Mulembe. Niongeze jambo moja. Mimi nauza maharagwe na mahindi yaliyochemshwa tayari, jioni watu wanapanga foleni. Mwalimu ananunua mabakuli mawili, anaenda kukaanga kitunguu na nyanya nyumbani, anakula githeri ya kweli. Nimemwokolea makaa na saa kadhaa za kuchemsha. Hakuna mtu amewahi kuniambia maharagwe yangu si maharagwe. Kwa hivyo nataka kujua kutoka kwa wanaoelewa: hiyo karbonara ya mkebe inamwokolea mtu nini hasa?

Mpishi_Milimani_Kisumu

Nasimiyu ameuliza swali lenyewe. Mama Pendo, pole kwa mshtuko, na usimchukie sista. Kabla sijarudi nyumbani Kisumu nilipika Malindi kwa miaka, katika mkahawa wa Waitaliano, chini ya mpishi mkuu mzaliwa wa Roma. Jambo hili nalijua kwa mikono, niruhusuni niandike kirefu.

Kwanza, Waitaliano hawachukii chakula cha haraka. Spageti kavu ni chakula cha haraka: kiwanda kimekukandia unga, kimeukata, kimeukausha, umebakiwa na kuchemsha maji tu. Wanachojali ni unga. Sheria yao ya mwaka 1967 inasema pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu ya durum, na ndiyo maana haivurugiki sufuriani. Ukienda dukani geuza pakiti usome. Kama haijaandikwa durum, iache. Hata mkebe si adui. Francesco Cirio alianza biashara ya mboga za mkebe kule Turin mwaka 1856, na mpaka leo nyanya za mkebe ziko katika nyumba nyingi sana za Italia. Yule mkubwa wangu, mtu mkali ajabu, alifungua mikebe ya nyanya mwaka mzima na hakuona haya. Kaskazini mwa nchi yao wana polenta, unga wa mahindi unaosongwa kwa mwiko muda wa dakika 40 au zaidi. Siku hizi wengi hununua unga ulioivishwa kiwandani, unakuwa tayari kwa dakika 8 hivi. Hakuna waziri aliyeinuka kwa ajili ya polenta hiyo.

Basi mbona karbonara? Kwa sababu karbonara haina muda wa kuokoa. Nisikilizeni vizuri hapa.

Unatia spageti kwenye maji yanayochemka. Wakati zinaiva, unakaanga vipande vya guanchale, yaani shavu la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, mpaka mafuta yatoke na vipande vianze kulia chini ya mwiko. Hakuna haja ya kuongeza mafuta mengine. Kwenye bakuli unapiga viini vya mayai na pekorino, ile jibini ngumu ya maziwa ya kondoo, na pilipili manga ya kusaga wakati huo huo. Spageti zikiiva unazihamishia kwenye kikaango, UNAZIMA MOTO, unasubiri kidogo, unamwaga mayai na kijiko kikubwa cha maji ya spageti, unakoroga haraka. Mayai yanageuka sosi laini ya manjano inayoshika kila uzi. Moto ukiwa mwingi yanakuwa mayai ya kukaanga, na mkubwa wangu alikuwa akisikia tu mlio wa kikaango kwa mbali anajua umechelewa kuzima. Kazi yote ni muda ule ule wa kuchemsha spageti, na ukiwa na chupa ya sosi bado lazima uchemshe spageti. Umeokoa nini?

Sasa fikiria kiwandani. Chakula cha mkebe hupikwa ndani ya mkebe kwa joto la nyuzi 115 hadi 121 ili kisioze. Kiini cha yai huanza kuganda karibu na nyuzi 65. Ile sosi ya mayai haiwezi kustahimili mkebe hata iwe imetengenezwa na malaika. Kwa hivyo kiwanda kinaweka krimu au maziwa na wanga wa kuyashika, ndiyo maana Mama Pendo uliona uzito ulimini. Kile kitu kimoja kinachoifanya karbonara kuwa karbonara kimetolewa, jina likabaki, na bei ikapanda. Hapo mimi niko upande wa sista kabisa.

Kacho e pepe ni vivyo hivyo: pasta, pekorino, pilipili manga, basi. Ugumu wake ni jibini kushikana mabonge maji yakiwa moto mno. Hata huko kwao ni taabu, mpaka wanasayansi Waitaliano wakaufanyia utafiti wa fizikia uliowapa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukufikirishe, mwaka 2025. Waligundua kwamba ukiongeza wanga kidogo, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini, haishikani. Wanga wa kawaida, hata konifulawa. Hiyo ni njia ya mkato iliyotoka kwao wenyewe, na ni nzuri, kwa sababu jibini inabaki jibini na pilipili inabaki pilipili. Siagi na pamesani ni chakula kingine, kitamu pia, kipewe jina lake.

Lakini lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Kuna wanaozungumza kana kwamba karbonara iliteremka pamoja na amri kumi. Si kweli. Ni chakula kilichoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Maelezo ya kwanza ya kuipika yanayojulikana kuchapishwa yalitoka Chicago mwaka 1952, na mwaka 1954 gazeti moja la upishi la huko Italia liliipika kwa kitunguu saumu na jibini ya Uswisi. Kwa hivyo mtu akitumia bekoni kwa kukosa guanchale, mimi simlaumu hata kidogo. Hapa Kisumu natumia bekoni nene, nayo inajibu. Yai na jibini ndivyo sitakubali viguswe.

Muda unaliwa kwenye ragu, ile sosi ya nyama ya mji wa Bologna. Tarehe 17 Oktoba 1982 Akademia yao ya upishi iliandikisha maelezo yake katika Chemba ya Biashara ya Bologna: nyama ya ng'ombe ya kusaga, nyama ya tumbo la nguruwe, karoti, seleri, kitunguu, nyanya kidogo, divai, maziwa, na moto mdogo kwa saa mbili au zaidi. Nyanya ni kidogo kuliko tunavyozoea; ni nyama yenye rangi ya nyanya. Hapa ndipo ninapomruhusu mtu kutafuta wepesi: bucha akusagie nyama, nyanya iwe ya mkebe, karoti ununue zilizokwaruzwa kama zipo sokoni. Pika sufuria kubwa Jumapili, gawanya, gandisha. Ragu ya juzi ni tamu kuliko ya leo.

Ila chupa ya ragu sitanunua, nimeonja nyingi, sukari imezidi na nyama ni ya kutafuta. Pamesani ya unga kwenye kopo pia iache, nunua kipande kidogo ukwaruze mwenyewe. Karatasi kavu za lasanya ni sawa.

Ndugu yangu Omosh, wewe huna kosa lolote na hakuna Mwitaliano anayekusema. Umepika spageti za nyanya na umeziita spageti za nyanya. Ukitoa Royco ukaweka kitunguu saumu na rihani, hiyo sahani ya Kondele wangeila Napoli.

Omosh_Kondele

Mpishi, asante, nimepokea. Rihani iko hapa kwa jirani, inamea tu kwenye ua na hakuna anayeila. Kesho naonja.

Mkulima_Lare_Njoro

Niko Lare, huku Njoro, na nafuatilia kwa makini kwa sababu hasira hii ya Waitaliano imetufikia shambani kwa njia nzuri.

Mwaka 1986 McDonald's walipofungua mkahawa Piazza di Spagna, Roma, watu waliandamana wakigawa pasta barabarani. Carlo Petrini na wenzake wakaanzisha vuguvugu la Slow Food kutokana na moto ule. Vuguvugu hilo hilo leo linalinda vyakula vya Nakuru: malenge ya hapa Lare, kuku wa Mushunu wa Molo, wale wasio na manyoya shingoni, na thabai iliyokaushwa ya Msitu wa Mau. Walikuja wakatuuliza tunavyopanda, tunavyohifadhi, tunavyopika. Kabla ya hapo malenge tulikuwa tunalisha ng'ombe na kuona aibu kumwekea mgeni.

Na angalieni thabai. Majani yanawasha, kuyachuma ni kazi, kuyachemsha ni kazi. Kina mama wanayakausha na kuyasaga, unapata unga wa kijani unaotia kwenye supu au kwenye ugali, dakika chache tu. Hicho ni chakula cha haraka kabisa, na hao hao Waitaliano wa Slow Food ndio wanaokitetea, kwa sababu ndani ya ule unga hamna kitu kingine. Kwa hivyo mimi nakubaliana na Mpishi. Mtu asome kilichoandikwa nyuma ya pakiti. Nina ushahidi wa malenge yangu: kuna unga wa supu ya malenge niliouona dukani, nikageuza pakiti, malenge yenyewe yalikuwa karibu mwisho wa orodha, baada ya wanga, chumvi na sukari. Niliumia sana. Mtoto wa mjini atakua akidhani ladha ile ndiyo malenge.

MamaPendo_Nakuru

Mkulima, nimeguswa. Na Mpishi, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu. Sista nimempigia simu jana, tumeongea vizuri, ananitumia maelezo ya mama yake.

Sasa nina shida mbili. Katika chama tuna Waislamu na Waadventista, nguruwe haingii kabisa, hata sufuria iliyopikiwa nguruwe hawataigusa. Pili, tuko ishirini, na mnajua chama: wanaambiwa saa nane, wa kwanza anafika saa tisa, wa mwisho saa kumi na nusu. Nipike nini?

Mpishi_Milimani_Kisumu

Mama Pendo, karbonara iondoe. Hata bila suala la nguruwe, sosi ya mayai haisubiri mtu. Ikikaa sahanini kidogo tu inaganda, na huwezi kuirudisha motoni. Kacho e pepe pia ni ya watu wawili watatu walioketi tayari na uma mkononi. Kwa watu ishirini wanaoingia mmoja mmoja, pika ragu.

Kilo mbili na nusu za nyama ya ng'ombe. Mwambie wa bucha akupe ya kidari, yenye mafuta yake, asage mara moja tu, isiwe laini sana. Mafuta hayo yatachukua nafasi ya nyama ya nguruwe. Karoti, seleri na vitunguu, jumla yake kama nusu kilo au zaidi kidogo, vyote vikatwe vidogo sana. Seleri usiiache, Nakuru inapatikana kwa mama mboga wanaouza vitu vya Wahindi, na majani yake pia tia. Kaanga mboga kwa mafuta kidogo na moto wa wastani mpaka zilainike kabisa, zisiwe na rangi ya kahawia.

Kisha nyama, na hapa usiwe na haraka. Itatoa maji kwanza, sufuria itakuwa kama inachemka. Endelea. Maji yakiisha mlio unabadilika, unasikia mkaango mkavu, na nyama inaanza kushika chini. Hapo ndipo ladha inapotokea. Divai utaiacha kwa heshima ya wageni. Tia supu ya mifupa vikombe viwili, kwangua chini ya sufuria. Mkebe mmoja mdogo wa nyanya nzito unatosha, usiongeze wa pili. Chumvi, pilipili manga. Funika nusu, moto mdogo, saa mbili na nusu, ukiongeza supu inapokauka. Nusu saa ya mwisho tia nusu lita ya maziwa mazima, kidogo kidogo. Yatapunguza uchachu wa nyanya. Royco, dhania na bizari havihitajiki.

Ipike Ijumaa jioni, iache ipoe, iweke kwenye friji. Jumamosi unaipasha tu.

Pasta ni gramu 100 kwa mtu mzima, kwa hivyo kilo mbili. Wao wangetaka tagliatele, zile ndefu bapa, lakini kwa chama nakushauri penne, yaani vibomba vifupi, au zile za kujikunja, kwa sababu mtu anaweza kula na kijiko akiwa amebeba mtoto. Maji ni lita moja kwa kila gramu 100, na chumvi gramu 10 kwa kila lita. Usichemshe kilo mbili mara moja kwenye sufuria ya nyumbani, zitashikana. Chemsha kilo moja kwa wale waliofika mapema, na maji ya pili yawe tayari kwenye jiko la pili.

Ile chupa uliyobaki nayo oka nayo viazi kwa ajili ya watoto, ni sosi nyeupe tu.

MamaPendo_Nakuru

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho: niwawekee pasta kando na ragu kando wajipakulie, au nichanganye? Huku tumezoea mchuzi juu.

Mpishi_Milimani_Kisumu

Changanya. Chota ragu kwenye sufuria pana, tia pasta dakika moja kabla haijaiva vizuri, na kikombe cha yale maji yake. Geuza juu ya moto mpaka maji yashike nyama na kila kipande cha pasta kiwe na rangi. Ukimimina juu tu, wa kwanza atachukua nyama yote na wa mwisho atakula pasta nyeupe. Jibini ipitishe mezani, kila mtu akwaruze yake. Wale wa saa kumi na nusu wachemshie upya, kilo ya pili ibaki kavu kwenye pakiti mpaka uwaone mlangoni.

Nasimiyu_Webuye

Mpishi, kwa kuwa umetaja nyama ya kidari: mafuta yake hayazidi yakikaa kwenye friji usiku?

Mpishi_Milimani_Kisumu

Yatapanda juu na kuganda meupe. Asubuhi ondoa nusu kwa kijiko kabla hujapasha, nusu yaache. Uliyoondoa kaangia mboga.